Ukiuza nyumba, taja na kelele za jirani

Mtu anayetafuta nyumba ya kununua Dar es Salaam siku hizi ni mtu aliyekwishaonywa. Anajua kuna hati za kughushi. Anajua nyumba ya urithi inaweza kuuzwa na mtoto mmoja huku ndugu zake hawana habari. Anajua kuuliza kama mke wa muuzaji ameridhia, kama hati imewekwa rehani benki, kama ukuta umeingia kwenye hifadhi ya barabara, na kama wakati wa masika maji hupita uani. Akiwa na wakili makini, yote hayo yatachunguzwa kabla shilingi moja haijatoka.

Swali moja ndilo linalosahaulika: usiku hapa panalalika?

Swali hilo halimo kwenye mikataba mingi ya mauziano. Msajili wa hati hana jibu lake, na mthamini wa benki, anayekuja mchana na futi yake ya kupimia, haliulizi. Anayelijua jibu ni muuzaji, kwa kuwa amelala hapo miaka yote. Huyo naye mara nyingi hunyamaza, akachukua fedha zake, akahama. Mwezi wa kwanza haujaisha, mgeni aliyeuza shamba la baba yake na kukopa kwenye Saccos ili apate makazi anagundua kwamba amenunua kuta nne na mabati, na kwamba usingizi haukuwamo katika bei aliyolipa.

Hoja ya makala haya ni moja. Kelele sugu za jirani ni sehemu ya nyumba, sawa na ufa kwenye msingi au maji yanayopita uani. Anayeuza nyumba akizijua anapaswa kuzitaja, kwa maandishi, kabla ya fedha kupokewa. Na jambo hilo tunaweza kulianza sasa, bila kusubiri sheria mpya.

Kelele zenye ratiba

Tutenganishe kwanza mambo mawili. Zipo sauti ambazo ndizo maisha ya mtaa: watoto wanaocheza kombolela jioni, jogoo, adhana ya alfajiri, kengele ya kanisa siku ya Jumapili, arusi inayokuja mara moja na majirani wakaalikwa pilau. Anayehamia mjini anazipokea sauti hizo kama anavyolipokea joto la Februari, na hakuna muuzaji anayedaiwa kuzieleza.

Ninazozungumzia ni kelele zenye ratiba. Baa inayofungulia muziki Alhamisi jioni na kuuzima alfajiri ya Jumatatu. Vigodoro vinavyokesha nyuma ya ukuta kila mwisho wa mwezi. Karakana ya mageti inayokata vyuma hadi saa tano usiku. Mashine ya kusaga iliyofungwa hatua chache kutoka kitandani. Nyumba ya ibada iliyohamia kwenye kiwanja cha makazi ikaelekeza spika zake madirishani mwa watu. Mbwa wa ulinzi wanaobweka tangu saa sita hadi saa kumi za usiku. Hizi haziji na kupita. Zinapanga saa ya mtoto kulala, saa ya mgonjwa kupumzika, na saa ya mama wa nyumba kuanza kuumwa kichwa.

Mji wenyewe umezikaribisha. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na riziki yao wanaitafuta palepale wanapolala. Tazama Sinza. Ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, ili watu wajenge nyumba za kuishi. Leo baa, nyumba za wageni na kumbi zimejipanga katika viwanja vilevile, na nyuma ya kila moja kuna familia iliyojenga kabla muziki haujafika. Aliyenunua mwaka huu na aliyejenga miaka 40 iliyopita wanasikia besi ileile. Tofauti yao ni kwamba wa kwanza alikuwa na haki ya kuambiwa.

Na nyumba zetu hazina kinga. Tunajenga kwa ajili ya joto: madirisha mapana, wavu wa mbu, nondo, na matundu juu ya ukuta ili hewa ipite. Tundu linalopitisha hewa linapitisha na sauti. Ukuta wa tofali za saruji unaweza kuipunguza sauti ya mtu anayeongea, lakini besi hupenya. Anayeweza kufunga kila dirisha usiku wa Januari ni mwenye kiyoyozi na fedha za kununulia LUKU.

Madhara yake hayaishii kwenye kukereka. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika miongozo yake ya mwaka 1999, lilipendekeza kwamba sauti ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili yanafikia kama desibeli 60, na kila zinapoongezeka desibeli 10 sikio husikia kama sauti imekuwa mara mbili. Kukosa usingizi kwa sababu ya kelele za kila usiku kumehusishwa na shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Kwa hiyo muuzaji anayeficha kelele anaficha jambo linalogusa afya ya watu watakaolala katika vyumba alivyoviuza.

Dirisha lililozibwa kwa sponji

Niliwahi kumsindikiza mdogo wangu kutazama nyumba Tabata. Ilikuwa siku ya kazi, saa nne asubuhi, mtaa umetulia. Nyumba ilikuwa nzuri: vyumba vitatu, kisima, mwembe uani, bei inayoongeleka. Tulipofika chumba cha watoto tukakuta dirisha la upande wa jirani limezibwa. Vipande vya sponji la godoro vimekatwa kwa kisu na kubanwa kati ya nondo na kioo, kuanzia chini hadi juu. Juu ya sponji kulikuwa na ubao mwembamba uliopigiliwa misumari.

"Shikamoo tena mama. Hapa dirishani mmeweka nini?" mdogo wangu aliuliza.

"Marahaba baba. Vumbi hilo. Barabara yetu hii ina vumbi sana."

Dalali akadakia: "Bosi, njoo uone kisima, maji yake hayana chumvi kabisa."

Barabara ilikuwa upande wa pili wa nyumba, na madirisha ya huko yalikuwa wazi. Upande wa sponji kulikuwa na ukuta wa jirani, na juu ya ukuta yalionekana makreti ya bia yaliyopangana na viti vya plastiki vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine, vikisubiri jioni. Ijumaa usiku mdogo wangu alirudi peke yake, akasimama kijiweni kwa bodaboda, akasikia alichopaswa kuambiwa.

Alirudi kwa mama yule kwa adabu kumwambia kwamba hatanunua, na kwa nini. Mama hakukana. Alisema amekwenda ofisi ya mtaa mpaka amechoka, na wajukuu wake hawaji tena kulala kwake. Kisha akamuuliza: "Mwanangu, ningekwambia, ungenunua?"

Sikumhesabu mama yule kuwa tapeli, na sitaki msomaji amhesabu hivyo. Alikuwa mtu aliyeumizwa na kelele, mwenye nyumba kama mali yake pekee, anayetafuta mlango wa kutokea. Lakini swali lake linastahili jibu la kweli. Pengine mdogo wangu asingenunua kwa bei ile. Pengine angenunua kwa bei nyingine. Mwingine mwenye duka, anayetaka ghala na wala halali hapo, angenunua bila kusita. Mwingine angenunua akijua kwamba atahamishia vyumba upande wa barabara. Kila mmoja angeamua mwenyewe. Kumnyima mtu habari ni kumwamulia wewe, kwa fedha zake.

Wazee wetu walisema kibaya chajitembeza, chema chajiuza. Kwa wasomaji Waislamu jambo hili lina msingi mrefu zaidi. Yamepokewa mapokezi mashuhuri ya Mtume Muhammad kupita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka na kukuta chini kumelowa. Akamtaka muuzaji ailete juu nafaka iliyolowa watu waione, na akasema: mwenye kughushi si miongoni mwetu. Wanazuoni wa fiqhi wakaweka khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha kitu akikuta kasoro aliyofichwa. Na katika pwani yote watu huambiana watafute jirani kabla ya nyumba. Atamtafutaje, ikiwa anayemjua jirani huyo amefunga mdomo?

Sheria inasemaje ukinyamaza

Hapa ndipo wanunuzi wengi hushangaa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo misingi yake ilichukuliwa kutoka sheria ya India ya mwaka 1872, inaeleza ulaghai katika kifungu cha 17. Kusema uongo huku ukijua ni ulaghai. Kuficha jambo kwa kitendo, huku ukilijua, ni ulaghai. Lakini kifungu hicho kinaongeza kwamba kunyamaza peke yake, hata kwa jambo ambalo lingemfanya mwenzako asite, si ulaghai, isipokuwa mazingira yanamtaka mnyamazaji aseme, au kimya chenyewe ni sawa na kusema.

Maana yake ni hii: muuzaji asiyeulizwa, akanyamaza, ana pa kusimama. Muuzaji aliyeulizwa "Je, kuna kelele za baa usiku?" akajibu "Hakuna" hana pa kusimama. Amekwisha kusema uongo. Mkataba uliopatikana kwa ulaghai au kwa maelezo ya uongo unaweza kubatilishwa na aliyedanganywa, kwa mujibu wa kifungu cha 19. Swali moja lililoulizwa na kuandikwa linaihamisha nguvu kutoka kwa anayeficha kwenda kwa anayetafuta ukweli.

Sheria hiyohiyo ina onyo kwa mnunuzi. Penye maelezo yasiyo ya kweli, au kimya ambacho kimefikia kuwa ulaghai, mnunuzi hawezi kuvunja mkataba kwa sababu hiyo ikiwa angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Wakili wa muuzaji atasimama mahakamani na kuuliza: nyumba iko wazi, baa iko pale, kwa nini hukwenda kusikiliza Ijumaa usiku? Ni swali gumu kujibu. Kwa hiyo haki ya kuambiwa haikuondolei wajibu wa kwenda kusikia.

Wenzetu wanaziandika kelele

Jimbo la California, Marekani, limelitatua jambo hili kwa karatasi. Tangu mwaka 1987, muuzaji wa nyumba ya kuishi hujaza fomu iliyowekwa na sheria, akieleza anachokijua kuhusu paa, mabomba, mipaka na mafuriko. Miongoni mwa maswali ya ndiyo au hapana, lipo linalouliza kama anafahamu tatizo la kelele katika ujirani au kero nyinginezo. Akisema ndiyo, anaeleza. Mnunuzi akikabidhiwa fomu baada ya kusaini, anapewa siku tatu za kujitoa, au tano ikiwa imetumwa kwa posta.

Fomu hiyo imezaa kesi zenye mafunzo. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo iliamua kesi ya majirani waliosumbuliwa na familia moja: mpira wa kikapu usiku wa manane, kazi ya kukata miti yenye kelele, magari mengi yaliyorundikwa. Mahakama ilikubali kwamba kwa kuwa wenye nyumba watalazimika kumweleza kila mnunuzi juu ya familia hiyo, thamani ya nyumba zao imeshuka, na hasara hiyo ni madai halali. Ilisema pia kwamba tabia ya jirani wa namna hiyo si jambo ambalo mnunuzi wa kawaida angeligundua kwa kutembelea nyumba. Mwaka 1998 ikaja kesi ya wauzaji ambao hawakutaja kelele za jirani katika fomu yao. Nyumba ilipita mikononi mwa kampuni ya kati kabla ya kumfikia mnunuzi wa mwisho, lakini mahakama ya rufaa ilikataa kuitupa kesi kwa sababu hiyo. Karatasi waliyoijaza iliendelea kuwafuata.

Uingereza nako wauzaji hujaza fomu ya chama cha mawakili, inayoitwa TA6, yenye maswali juu ya migogoro na malalamiko yanayohusu nyumba yenyewe au iliyo karibu. Mwaka 2003 Mahakama Kuu iliwapa fidia wanunuzi ambao wauzaji wao walijibu kwamba hakuna ugomvi na majirani ilhali ulikuwapo. Mwaka uliofuata, katika kesi ya nyumba iliyowahi kutokea mauaji, muuzaji alishinda rufaa kwa kuwa swali aliloulizwa lilikuwa pana mno: je, kuna jambo jingine unalodhani mnunuzi ana haki ya kulijua? Mahakama ilisema alijibu kwa imani yake ya kweli. Tuchukue funzo hapo. Swali pana lina mianya mingi. Uliza kelele kwa jina lake, kwa siku zake na kwa saa zake.

Kimya kinamlinda nani?

Wapo watakaosema kwamba kelele ni kazi ya serikali, si ya muuzaji. Ni kweli serikali ina kazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zimeweka viwango, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) limepewa meno. Mwaka 2023 baraza hilo lilizifungia baa na kumbi nyingi za starehe kwa kupiga kelele kupita kiasi. Nairobi nako, mwaka 2022, Gavana Johnson Sakaja aliagiza vilabu vya usiku vilivyo katikati ya makazi vifutiwe leseni. Hatua kama hizo husaidia, kisha muziki hurudi polepole, wiki kwa wiki.

Fikiria kinachotokea nyumba inapouzwa kimyakimya. Aliyelalamika miaka mitano anaondoka na kumbukumbu zote: barua alizopeleka mtaani, tarehe alizoita polisi, majina ya walioahidi kurekebisha. Anayeingia anaanza na moja. Akilalamika, mwenye baa anamjibu: wewe umetukuta. Akienda ofisi ya mtaa anaambiwa hakuna mwingine aliyewahi kusema. Kimya cha muuzaji kimemfutia mpiga kelele rekodi yake, na kimefanya hivyo bure.

Sasa fikiria kinyume chake. Muuzaji anaandika kwamba baa ya jirani hupiga muziki tangu Alhamisi hadi Jumapili, kwamba amelalamika mara kadhaa, na hizi hapa nakala. Mnunuzi anapunguza bei. Punguzo hilo ni hasara inayoonekana, yenye tarakimu, inayotokana na jirani anayejulikana. Mwenye nyumba wa pili na wa tatu mtaani watajua kwamba muziki ule unakula mali yao, si usingizi wao tu, nao watakuwa na sababu ya kwenda pamoja kulalamika. Hasara ikihesabika, ina pa kudaiwa.

Cha kutaja, na namna ya kukitaja

Muuzaji mwaminifu atauliza: nianzie wapi? Ajipime kwa mambo matatu. Je, umewahi kumlalamikia mtu kuhusu kelele hizo, awe jirani mwenyewe, mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, polisi au NEMC? Je, umebadili namna unavyoitumia nyumba kwa sababu yake, ukahama chumba, ukaziba dirisha, ukawapeleka watoto kwa bibi yao mwisho wa wiki? Je, mpangaji amewahi kuondoka kwa sababu hiyo? Likiwapo jibu moja la ndiyo, jambo hilo litajwe.

Litajwe kwa ukweli, bila chuki. Usiandike kwamba jirani ni mlevi au mshenzi. Hayo yanaweza kukupeleka mahakamani wewe, na hayamsaidii mnunuzi. Andika chanzo, siku, saa, ulichofanya na ulichojibiwa. Kama tatizo lilikwisha, sema lilikwisha lini. Mnunuzi ana haki ya kujua pia kwamba ukumbi ulifungwa mwaka jana na unaweza kufunguliwa tena. Na kama wewe ndiye uliyelalamikiwa, kwa mashine yako au kwa mbwa wako, sema hivyo pia, kwa sababu chuki ya majirani nayo hurithiwa.

Najua gharama yake. Wengi wanaouza nyumba hawauzi kwa raha. Wanauza kwa sababu ya matibabu, ada, deni la benki au mirathi. Kuwaambia wakubali bei ndogo ni kuwaambia jambo zito. Hata hivyo, fedha wanazopokea zinatoka kwa mtu wa hali yao, aliyejinyima miaka ili apate pa kulala. Shida yangu hainipi haki ya kumhamishia mwenzangu huku nikimfumba macho. Na muuzaji aliyetaja yote kwa maandishi anaondoka akiwa salama: hakuna atakayemrudia kesho na kesi ya kudanganywa.

Ukurasa mmoja unaotosha

Ndiyo maana nasema hatuhitaji kusubiri bunge. Kwa kuwa sheria yetu inamlinda anayenyamaza bila kuulizwa, tuulize. Kila wakili anayeandaa mkataba wa mauziano ya nyumba aambatanishe ukurasa mmoja wa maswali, yajibiwe na kusainiwa na muuzaji, na mkataba useme wazi kwamba majibu hayo ni sehemu yake. Maswali yenyewe ni mafupi:

Je, kuna chanzo cha kelele za mara kwa mara karibu na nyumba hii? Ni kipi, siku zipi, saa ngapi hadi saa ngapi?

Je, wewe, familia yako au mpangaji wako mmewahi kulalamika? Kwa nani, lini, na jibu lilikuwa nini?

Je, kuna aliyewahi kukulalamikia wewe?

Je, kuna shauri, onyo au makubaliano yoyote kati yako na jirani kuhusu kelele?

Je, unafahamu kiwanja cha jirani kinachobadilishwa matumizi, kujengwa baa, ukumbi, karakana, kiwanda au nyumba ya ibada?

Ofisi za serikali za mitaa zina nafasi ya pekee. Mwenyekiti na mtendaji ndio wanaopokea malalamiko, na mara nyingi haohao huitwa kushuhudia mauziano. Mnunuzi akienda kujitambulisha, aulize kama kuna malalamiko ya kelele kuhusu eneo hilo, na daftari lifunguliwe. Kama daftari la malalamiko halipo, lianzishwe. Halmashauri nayo ina michoro ya mipango miji inayoonyesha matumizi ya kila kiwanja. Anayenunua Tegeta au Goba, ambako viwanja vingi vya jirani bado vitupu, atazame mchoro huo kabla hajatazama vigae vya sebuleni.

Madalali wasijitoe. Dalali hulipwa mauzo yakikamilika, na hapo ndipo kishawishi cha kumpeleka mteja kisimani kinapozaliwa. Lakini dalali huishi kwa jina. Mteja aliyeambiwa ukweli huleta ndugu zake. Aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia hutangaza ukoo mzima usimkaribie.

Na wewe unayenunua, nenda usiku. Nenda Ijumaa saa nne, nenda Jumapili jioni, nenda mwisho wa mwezi mishahara ikitoka. Simama chumbani, si sebuleni, madirisha yakiwa wazi na feni imezimwa. Muulize muuza genge, mlinzi wa nyumba ya tatu, mpangaji wa uani. Hao hawana cha kuuza. Tazama madirisha yaliyozibwa na vitanda vilivyohamishiwa sebuleni. Kisha rudi kwa muuzaji, umsalimie, umuulize mbele ya wakili, na jibu liandikwe.

Kwa anayeuza, neno langu ni fupi. Wewe unakijua chumba kile saa nane usiku kuliko hati, kuliko mthamini, kuliko wakili. Mwambie anayekuja. Akinunua baada ya kuambiwa, umeuza nyumba kwa haki. Asiponunua, hukumdhulumu mtu.